Hema na Mfuko wa Kulalia kwa Mwindaji Anayebeba Kambi Mgongoni

Katika majimbo ya Colorado, Wyoming, Montana na Idaho nchini Marekani, uwindaji wa elki, yaani mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi ambaye dume lake lililokomaa hufikia na hata kuzidi uzito wa kilo 300, hufanyika zaidi kati ya Septemba na Novemba, majira ambayo mlima mmoja huweza kuwa na jua kali adhuhuri na theluji kabla ya alfajiri. Sehemu kubwa ya milima hiyo ya Rocky ni ardhi ya umma, na mwenye leseni kwa kawaida huruhusiwa kuingia kwa miguu, kupiga kambi mbali na barabara na kuwinda. Uwindaji wa namna hii haufanani na ule wa kitalii unaojulikana Tanzania, ambako mgeni hupelekwa kwa gari na kulala katika kambi iliyokwisha kutayarishwa, kwa sababu hapa mwindaji huchukua nyumba, kitanda na chakula chake ndani ya shanta, yaani mkoba mkubwa wa mgongoni wenye mkanda unaoshusha uzito kutoka mabegani hadi kiunoni. Wapo wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, ambao leo wamekaa Boise, Missoula na Denver, miji iliyo karibu kabisa na milima hiyo, na kwao swali la kifaa cha kulalia ni zito zaidi kuliko swali la bunduki, kwa kuwa baridi ya nyanda za juu za Kivu au Mbeya hutulizwa na mablanketi mawili, ilhali ile ya Rocky mwezi Novemba huua mtu aliyejiandaa nusu nusu.

Jambo la kwanza ambalo mtu aliyekulia karibu na Ikweta hana budi kulitilia maanani ni urefu wa usiku. Katika latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, inayopita Montana, usiku wa mwanzoni mwa Novemba hukaribia saa 14, na sheria za uwindaji katika majimbo haya kwa kawaida huruhusu kupiga risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuchwa. Maana yake ni kwamba mwindaji hukaa hemani saa nyingi kuliko anazokaa akiwinda, na asiyepata usingizi usiku mmoja huweza kuvumilia, lakini asiyeupata kwa siku tatu mfululizo hupoteza umakini wa macho, hufanya maamuzi mabaya na mara nyingi hurudi nyumbani kabla ya wakati. Jambo la pili ni mwinuko. Kwa wastani joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za selisiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo utabiri wa nyuzi 5 mjini Denver, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, humaanisha nyuzi 5 chini ya sifuri katika kambi iliyo mita 3,200, na hilo ni kabla ya kuhesabu upepo. Tena usiku usio na mawingu hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni, na ndiyo sababu kambi iliyowekwa kwenye sehemu tambarare ya mteremko, makumi machache ya mita juu ya mto, huwa na joto zaidi kuliko ile iliyowekwa kwenye nyasi nzuri za bondeni.

Wepesi wa vifaa nao hautafutwi kwa ajili ya fahari. Dume la elki likishachunwa na nyama kutolewa mifupani huacha mzigo unaoweza kufikia kilo 80 hadi 100, ambao mtu mmoja huubeba kwa safari tatu au nne, na baada ya hapo kambi yenyewe bado inangoja kushushwa. Kila kilo iliyoongezwa bila sababu hulipwa kwa magoti, na magoti yanapochoka kwenye mteremko wenye theluji ndipo ajali hutokea. Hata hivyo, wepesi unaopatikana kwa kuondoa joto si wepesi bali ni mkopo, na swali la msingi la makala haya ni mahali gani uzito unaweza kupunguzwa bila madhara na mahali gani usiguswe.

Jibu hutegemea kuelewa kazi ya kila kifaa. Hema huzuia upepo, mvua na theluji, lakini kitambaa chake chembamba huongeza joto kidogo tu. Mfuko wa kulalia ndio unaohifadhi joto la mwili, na godoro ndilo linalozuia joto hilo lisinyonywe na ardhi. Vitu vitatu hivi ni mpango mmoja, wala hakuna kimoja kinachoweza kufidia upungufu wa kingine kikamilifu. Lakini uzito au fedha zinapokuwa haba, busara ni kupunguza kwenye hema kwanza, kisha kwenye vyombo na nguo za akiba, na kuviacha godoro na mfuko kama vilivyohesabiwa. Wanunuzi wengi wapya hufanya kinyume, kwa sababu hema huonekana na mfuko hukunjwa.

Mfuko wa kulalia hautengenezi joto, kama vile chupa ya chai isivyochemsha chai. Huitega tu hewa iliyotulia kati ya nyuzi au vinyoya, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Kiwango cha joto kinachoandikwa kwenye mfuko wa kisasa hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 23537, ambapo sanamu ya umbo la mtu yenye vipashio na vihisi vya joto huvikwa nguo nyepesi za ndani na kulazwa mfukoni juu ya godoro katika chumba cha baridi. Kipimo hicho hutoa namba kadhaa, na tatu kati yake zina maana kubwa kwa mnunuzi. Ya kwanza ni ya starehe, ambayo hukadiria baridi ambamo mwanamke wa kawaida hulala akiwa amejinyoosha bila kuhisi baridi; ya pili ni ya kikomo, ambayo hukadiria baridi ambamo mwanamume wa kawaida hulala akiwa amejikunyata na yuko ukingoni mwa kuanza kutetemeka; ya tatu ni ya hatari, ambayo huhusu kunusurika tu, wala haifai kabisa kutumiwa katika kuchagua. Watengenezaji wengi huupa mfuko jina kwa namba ya kikomo kwa sababu ndiyo inayopendeza zaidi, hivyo mnunuzi aulize namba ya starehe na kuichukua hiyo kuwa ndiyo kweli, awe mwanamume au mwanamke, kwa kuwa mwindaji huingia kitandani akiwa amechoka, pengine amekula kidogo na kupungukiwa maji, na mwili wa namna hiyo hauzalishi joto kama ule wa maabara.

Kosa jingine linaloweza kumgharimu mgeni ni la vipimo. Marekani hutumia farenhaiti, na mfuko ulioandikwa 20 hauzungumzii nyuzi 20 za selisiasi, ambazo ni joto la jioni ya Arusha, bali nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Ulioandikwa 0 ni wa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Kubadili namba hizo, hutolewa 32 kwanza, kisha jibu hugawanywa kwa 1.8. Kwa uwindaji wa upinde na mishale wa Septemba, mfuko wa 20 huwatosha wengi wasiopanda juu sana. Kwa misimu ya bunduki ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba, mfuko wa 0, ambao kiwango chake cha starehe kwa kawaida huwa karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, ndio wa kuanzia, na tofauti ya uzito kati ya mifuko hiyo miwili, ikiwa ni ya vinyoya vizuri, haizidi sana gramu 400. Gramu hizo ndizo zisizopaswa kubanwa. Kigezo kiwe usiku wa baridi kuliko zote unaotarajiwa katika wiki ile, si usiku wa wastani, kwa kuwa mfuko wenye joto la ziada hufunguliwa zipu na mfuko wenye upungufu hauna la kufanywa.

Kijazo ni cha aina mbili. Vinyoya ni manyoya laini yasiyo na uti yanayoota chini ya manyoya ya juu ya bata au bukini, na ubora wake hupimwa kwa nafasi vinavyojaza vinapoachwa vifumuke: wakia moja, yaani gramu 28, ya vinyoya vya daraja la 850 hujaza karibu lita 14, ilhali kiasi hicho hicho cha daraja la 650 hujaza lita 10 na nusu hivi. Namba hiyo pekee haitoshi, kwani mfuko wenye vinyoya bora lakini vichache ni mwepesi na pia ni wa baridi, hivyo uzito wa kijazo nao usomwe. Aina ya pili ni nyuzi za poliesta, ambazo kwa joto lile lile huwa nzito zaidi, hazibanwi zikawa ndogo, na hupungua uwezo kadiri zinavyoshindiliwa mwaka hadi mwaka. Lakini zikilowa hubaki na sehemu ya joto lake na hukauka upesi, ilhali vinyoya vilivyolowa hushikamana na kuwa karibu bure. Tofauti hii huamuliwa na mahali. Ndani ya Rocky, ambako hewa ni kavu na theluji ya Novemba huwa ya unga, vinyoya ndivyo vya kuchagua bila kusitasita. Katika kisiwa cha Kodiak huko Alaska, ambako mvua na unyevu wa bahari huweza kudumu siku nyingi bila kitu kukauka, poliesta hustahili uzito wake. Vinyoya vilivyotiwa dawa ya kufukuza maji huchelewa kulowa, lakini dawa hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya uzembe.

Umbo nalo lina uzito katika uamuzi. Mfuko wa baridi uwe na kofia inayozingira kichwa, kola iliyojazwa inayofungwa shingoni ili hewa ya moto isisukumwe nje kila mtu anapojigeuza, na mkanda uliojazwa nyuma ya zipu. Shuka za vinyoya zisizo na mgongo, ambazo hupendwa na wasafiri wa kiangazi kwa wepesi wake, huingiza upepo pembeni na hazifai sana baridi inapopita nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Urefu na upana vipimwe kwa vitu vinavyolala na mwindaji: chujio la maji, ambalo likiganda nyuzi zake hupasuka na kuacha vijidudu vipite, mtungi wa gesi, ambao hupoteza msukumo ukipoa, soksi za kesho, na chupa ya maji ya moto miguuni. Mfuko unaobana sana huvigandamiza vinyoya kwa ndani, na mfuko mpana kupita kiasi huutaka mwili upashe hewa usiyoihitaji.

Godoro ndicho kifaa kinachodharauliwa zaidi, na dharau hiyo ndiyo chanzo cha lawama nyingi zinazotupiwa mifuko isiyo na kosa. Kijazo kilicho chini ya mwili hugandamizwa na uzito wa mtu na kukosa hewa, hivyo upande wa chini joto huzuiwa na godoro peke yake. Uwezo wake huandikwa kwa kipimo kiitwacho R, ambacho tangu kuwekwa kwa utaratibu wa ASTM F3340 hupimwa kwa namna moja na watengenezaji wanaoufuata, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyozuiwa zaidi. Kwa Septemba R ya 3 hadi 4 hutosha, na kwa ardhi iliyoganda au yenye theluji itafutwe 5 au zaidi. Namba hizi hujumlishwa, nayo ni habari njema kwa asiye na fedha nyingi, kwa sababu godoro la hewa lenye R ya 4 likiwekwa juu ya jamvi la povu lenye R ya 2, ambalo ni rahisi na lina gramu 400 hivi, hutoa 6, na jamvi hilo hutumika mchana kukalia theluji wakati wa kuchungulia bonde kwa darubini, tena hubaki kuwa kinga godoro la hewa likitoboka.

Hema sasa linaweza kujadiliwa kwa utulivu. La kuta mbili lina chumba cha ndani cha kitambaa kinachopumua na ganda la nje lisilopitisha maji, hivyo mvuke wa pumzi hugandia ganda la nje bila kumgusa mlalaji. La ukuta mmoja ni jepesi zaidi, lakini mvuke huo hugeuka umande au barafu karibu na uso na mfuko. Yapo yanayosimama yenyewe kwa fito za alumini zinazopishana, na haya hufaa penye mawe na pasipoingia vigingi. Mengine huinuliwa kwa fimbo mbili za kutembelea, ambazo mwindaji huwa nazo tayari, na kwa kuacha fito nyumbani huweza kushuka chini ya kilo moja. Mahema ya kuba yenye fito zinazokutana mahali pengi, ambayo asili yake ni hema la Oval Intention la mwaka 1975 lililobuniwa kwa kufuata mawazo ya Buckminster Fuller, hustahimili upepo na uzito wa theluji kuliko yote, lakini mara nyingi hufikia kilo 3 au 4, na kwa anayelala ndani ya msitu yamezidi mahitaji. Anayepiga kambi juu ya mpaka wa miti, kwa mfano wawindaji wa kondoo wa mwituni, yuko katika hali nyingine, na kwake peke yake kanuni ya kupunguza kwenye hema haishiki.

Kitambaa nacho kina tabia. Nailoni iliyopakwa silikoni ni imara lakini hunyonya maji na kulegea, hivyo kamba zake hukazwa tena usiku. Poliesta iliyopakwa silikoni hulegea kidogo tu wala haihitaji kuamkiwa mara kwa mara. Dyneema ya tabaka, ambayo hainyonyi maji wala kunyumbuka, ni nyepesi kuliko zote na bei yake ni kubwa mno kwa faida inayoleta, isipokuwa kwa anayewinda wiki nyingi kila mwaka. La muhimu kuliko jina la kitambaa ni kuta zenye mwinamo mkali ili theluji iteleze, ganda linaloshuka hadi karibu na ardhi, matundu ya hewa juu, na baraza, yaani nafasi iliyofunikwa mbele ya mlango. Baraza huhifadhi buti, shanta na bunduki iliyotolewa risasi, kwani bunduki ikiingizwa kwenye hewa yenye unyevu wa pumzi, vioo vya darubini yake hushika ukungu, na ukungu huo huganda asubuhi inapotolewa nje.

Lipo pia hema la umbo la koni lenye nguzo moja lisilo na sakafu, linalotumiwa pamoja na jiko la kuni la titani linalokunjika. Wazo hili lina historia ndefu: Henry Hopkins Sibley wa jeshi la Marekani alisajili hati ya hema la namna hiyo mwaka 1856, akiwa ameiga tipi za watu wa asili wa nyanda za Marekani. Jiko na bomba lake huwa na kilo moja hadi moja na nusu, na kwa watu wawili au watatu wanaogawana mzigo, uwezo wa kukausha soksi, buti na mifuko kila jioni ni neema kubwa, hasa baada ya siku ya theluji nyevu. Lakini kisanduku chake ni kidogo na moto huisha muda mfupi baada ya kuni kukoma kutiwa, kwa hiyo jiko ni la kukaushia na la jioni. Anayenunua mfuko hafifu kwa kulitegemea ataamka saa nane za usiku akitafuta kuni. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hatari ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani likasababisha vifo, na hatari hiyo ni ile ile hemani: monoksidi ya kaboni haina harufu, hivyo hakuna jiko la gesi wala kaa lolote linalowashwa ndani ya hema lililofungwa, na hata jiko lenye bomba huhitaji tundu la juu lililo wazi na kifaa kidogo cha kutoa mlio wa tahadhari.

Hema bora likiwekwa mahali pabaya halisaidii. Tangu miaka ya 1990 mbawakawa wa misonobari wameua miti kwa mamilioni katika Colorado na Wyoming, na miti hiyo hukauka ikiwa imesimama hadi upepo unapoiangusha, hivyo kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza mwindaji ainue macho na kuhesabu kila mti uliokufa ambao urefu wake unaweza kufika kambini. Katika maeneo ya dubu aina ya grizzly huko Montana, Idaho na Wyoming, chakula na nyama havilali hemani wala barazani. Kanuni zinazotumika katika misitu mingi ya huko hutaka vining'inizwe angalau mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, mbali na mahali pa kulala. Rangi ya hema isimsumbue mtu sana. Elki hawaoni rangi nyekundu na ya chungwa kama binadamu, ilhali mwindaji anayerudi gizani theluji ikianguka huliona hema la rangi kali mapema kuliko la kahawia.

Unyevu ndio adui anayekuja polepole. Matundu yabaki wazi hata baridi inapouma. Pumzi isielekezwe ndani ya mfuko, bali pua na mdomo vibaki nje ya kofia. Nguo zilizoloa zisirundikwe mfukoni, kwa kuwa maji yake huhamia kwenye vinyoya. Saa sita mchana, jua likitoka, mfuko ugeuzwe ndani nje na kutandazwa juu ya kichaka kwa nusu saa, kwani vinyoya vilivyopoteza unene kidogo kila usiku, usiku wa tano huwa vya mfuko mwingine kabisa. Nyumbani mfuko hautunzwi ukiwa umeshindiliwa, bali hutundikwa au huwekwa katika gunia pana la pamba.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio wa ununuzi ni mfuko wa kulalia kwanza, godoro pili na hema mwisho, akianza na msimu wa Septemba na hema la kawaida la kuta mbili, hata kama limetumika. Vifaa vyote vijaribiwe usiku mmoja uani au katika kambi ya kando ya barabara, kipimajoto kikiwa karibu, mapema kabla ya msimu, wakati duka bado linaweza kubadilisha bidhaa. Mlalaji aliyehisi baridi asikimbilie kulaumu mfuko: baridi inayopanda kutoka nyongani na kwenye bega la upande aliolalia ni ya godoro, inayopita shingoni kila anapojigeuza ni ya kola isiyofungwa au mfuko mpana mno, ya vidole vya miguu peke yake mara nyingi ni ya soksi nyevu au mfuko mfupi unaovigandamiza vinyoya mwishoni, na ile inayoanza baada ya saa tisa za usiku mwili mzima, ilhali jioni palikuwa na joto la kutosha, ni ya tumbo tupu, nayo hutibiwa kwa chakula chenye mafuta kabla ya kulala na konzi ya karanga iliyoandaliwa jioni, ambayo nayo katika nchi ya dubu huliwa nje ya hema na mabaki yake kurudishwa yalikoning'inizwa.